Zamu ya Kasiva

Siku ambayo Kasiva alimpisha Mzee Nzomo mlangoni, Sista Ndanu alifurahi. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko mengine yote. Alikuwa amesimama kizingitini na kalamu mkononi, barakoa imembana pua, akamwona mwanamke wa miaka ishirini na sita, mgonjwa, mwembamba, aliyefika pale tangu saa moja asubuhi, anainuka kwenye benchi na kumwachia nafasi mzee aliyefika saa tatu. Ndanu akajisemea moyoni kwamba huyu, kweli, alilelewa.

Ndanu alikuwa muuguzi katika kituo kimoja cha utafiti mjini Machakos. Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya kupanga yenye mabati mekundu, na wagonjwa walisubiri nje, kwenye benchi chini ya kibanda kisicho na kuta, ili upepo upite. Walikuwa na TB sugu, ile iliyokwisha kuzizoea dawa za kawaida ikazidharau. Dawa ya kuitibu ilikuwepo, lakini ilikuwa vidonge pamoja na sindano ya kila siku kwa miezi minne, na sindano hiyo ilikuwa na tabia mbaya: baadhi ya watu iliwaponya kifua ikawaharibu masikio. Sasa watafiti walikuwa wamekuja na vidonge vipya visivyohitaji sindano. Je, vingeponya sawasawa na ile ya zamani? Je, moyo ungevistahimili? Hakuna aliyejua, na ndiyo sababu nusu ya wagonjwa walipewa dawa ya zamani, na nusu ile mpya.

Nani apewe ipi? Hapo ndipo penyewe. Si daktari aliyechagua, wala muuguzi, wala mgonjwa. Zilikuwepo bahasha ndani ya sanduku la chuma, zimepangwa kwa namba, za karatasi nzito isiyoonyesha kitu hata ukiinua juani. (Ndanu alijaribu mara moja, siku ya kwanza kazini, akaona haya.) Mgonjwa akishaweka sahihi, anaingia, bahasha iliyo mbele inafunguliwa, na kilichoandikwa ndani ndicho chake. Mpango huo ulibuniwa na watu wenye akili sana, ili pasiwe na upendeleo, asiwepo wa kumtilia shangazi yake dawa nzuri. Walifikiria kila aina ya ujanja. Hawakufikiria adabu.

"Kasiva, ni zamu yako, mwaitu," Ndanu aliita, yaani mama.

"Sista, wacha mutumia, huyu mzee, aingie kwanza. Ametoka mbali, huko Lukenya, na ona vile anakohoa."

"Lakini wewe ndiye umeandikwa wa kwanza."

"Mimi niko na subira. Mtoto nimemwacha na nyanya yake, hakuna haraka."

Mzee Nzomo hakubisha. Alikuwa amechunga ng'ombe wa watu kwenye ranchi miaka arobaini, na katika maisha yake hajawahi kubishana na mlango uliofunguliwa kwa ajili yake. "Nimuvea, mwiitu," akasema, asante binti, "Mungu akuongezee." Akaingia akijikokota na fimbo yake.

Ndanu akaichana bahasha ya thelathini na moja. Vidonge pekee.

Dakika chache baadaye akaichana ya thelathini na mbili, Kasiva akiwa ameketi mbele yake na mikono imekunjwa mapajani kama mtoto wa darasa la kwanza. Vidonge na sindano.

"Si ni sindano tu?" Kasiva alisema alipoona Ndanu ameikazia macho karatasi. "Nimezaa mimi. Sindano itaniambia nini?"

Walikuwa wamekwisha kuzungumza kuhusu masikio asubuhi ile ile, kabla ya sahihi, maana fomu iliyaeleza yote, kurasa kumi na nne. Kasiva alikuwa amesoma kila ukurasa, jambo ambalo wengi hawakulifanya, na aliuliza swali moja tu. "Masikio, sista? Na mimi kazi yangu ni ya masikio." Kisha akaeleza. Kwao, upande wa Masii, wahubiri wengi wa kualikwa huhubiri kwa Kiswahili, na wazee wanataka neno kwa Kikamba. Kasiva ndiye aliyesimama kando ya mhubiri. Mhubiri akirusha sentensi, yeye anaidaka na kuirudisha kwa Kikamba kabla haijapoa, na watu walisema kwamba mahubiri yalinoga zaidi yakipita kwake. Hakulipwa. Lakini wakitaja jina lake sokoni, walilitaja kwa hiyo kazi.

"Tutakupima masikio kila mwezi," Ndanu alikuwa amemjibu. "Kama yanashuka, tutajua."

Hakumdanganya. Kweli walijua, kila mwezi, kwa tarehe na kwa kipimo.

Jioni ile, akipanga fomu kwenye faili, Ndanu aliiona namba thelathini na moja juu ya thelathini na mbili. Akachukua kitabu cha taratibu akatafuta. Kitabu kilisema bahasha ifunguliwe mgonjwa akiwa mbele yako na sahihi yake ikiwa tayari. Hakikusema lolote kuhusu nani alifika mapema wala nani alimpisha nani. Hakuna sheria iliyovunjwa. Akakifunga kitabu, akaenda nyumbani, akapika, akala bila kujua alichokula.

Sindano Kasiva alichomewa kwenye dispensari ya karibu na kwao, siku sita kwa juma, akipumzika Jumapili. Kila mwezi alirudi mjini kupimwa. Kwa kuwa alijiunga siku moja na Mzee Nzomo, tarehe zao ziliangukia pamoja, na kila mara walikutana kwenye benchi lile lile. Mzee alikuwa mpenda maneno. Alimsimulia Kasiva habari za fahali aliyewahi kumpandisha juu ya mti na kumlinda huko mpaka saa kumi, na Kasiva alicheka mpaka akakohoa. Alimwita binti yangu. Alimletea asali iliyofungwa kwenye chupa ya soda, ya kulainisha koo.

Chumba cha kupimia masikio kilikuwa stoo zamani. Walikibandika trei za mayai ukutani kuzuia kelele za barabarani, wakaweka kiti kimoja na mashine. Mgonjwa anavaa vipokea sauti vya masikioni, anafumba macho, na kila akisikia mlio anainua mkono. Mwezi wa kwanza mkono wa Kasiva ulipanda kila mara, upesi.

Mwezi wa pili Ndanu alianza na milio ya chini. Mkono ukapanda. Akapandisha mlio. Mkono ukapanda, lakini kwa kusita. Akafika kwenye ile milio ya juu, myembamba, akabonyeza. Kasiva alikuwa amefumba macho na tabasamu mdomoni, anasubiri. Ndanu akaongeza sauti, akabonyeza tena. Akaongeza tena.

"Sista," Kasiva akasema bila kufumbua macho, "bado hujaanza?"

Ndanu aliizima mashine. Alivua barakoa akajifuta uso, kinyume cha taratibu, kisha akaivaa, akaandika namba kwenye fomu, akaenda kumtafuta daktari.

Daktari Musembi alikuwa mtu mwema, na ninasema hivyo mapema ili mtu asije akamtafuta mbaya katika hadithi hii akadhani ni yeye. Aliiangalia fomu muda mrefu. Mashine ilikuwa imepitisha tarehe ya kukaguliwa, na utafiti ulitaka kushuka kwa masikio kuthibitishwe kwa mashine iliyokaguliwa kabla dawa haijabadilishwa. Mashine ikapelekwa Nairobi. Hapo hapo, kwa uamuzi wake mwenyewe, akampunguzia Kasiva sindano kutoka sita kwa juma hadi tatu.

"Tuzisimamishe kabisa, daktari," Ndanu alisema.

"Nikizisimamisha bila uthibitisho na TB irudi, nitakuwa nimemuua kwa huruma. Unajua vile hii kitu iko. Ikirudi, inarudi na kiburi."

Alikuwa sahihi. Ndanu alitamani sana asingekuwa sahihi.

Mashine ilikaa Nairobi siku tisa. Ndanu alizihesabu, maana ndani ya siku hizo tisa mlikuwa na sindano nne. Iliporudi walimwita Kasiva, na safari hii hata milio ya katikati haikumwinua mkono. Sindano zikasimamishwa siku ile ile. Daktari akaandika barua kuomba ruhusa ampe vidonge vipya badala yake, na ruhusa ikafika kwa siku mbili, haraka ambayo haijawahi kuonekana. Kila mtu alifanya kazi yake. Kasiva akaanza kumeza vile vidonge ambavyo Mzee Nzomo alikuwa akivimeza tangu mwanzo.

Ndanu alidhani ubaya umekoma hapo. Masikio yakaendelea kushuka.

"Ile dawa hukaa ndani ya sikio kwa majuma," Daktari Musembi alimweleza, akiongea na meza. "Kuna vinyweleo vidogo sana humo. Vikishakauka, haviwezi kuota tena."

"Hakuna kitu cha kumpa?"

"Hakuna."

"Hata kujaribu?"

"Sista, kama kingekuwepo ningekuwa nimeshampa. Unafikiri mimi ni jiwe?"

Mwezi wa tatu Kasiva alisikia ukimkaribia sikio la kushoto na kusema polepole. Mwezi wa nne alisikia lori likipita, na hilo alilisikia kwa miguu. Kanisani walikuwa wamemwambia apumzike kwanza. Yeye mwenyewe alimsimulia Ndanu jinsi ilivyokuwa: mhubiri alisema, akanyamaza kumpisha, na yeye akabaki anamtazama, na kanisa zima likawatazama wote wawili. Ndanu alitoa daftari, na tangu siku hiyo wakaanza kuzungumza kwa daftari, Ndanu akiandika, Kasiva akijibu kwa mdomo.

Mume wa Kasiva, Kyalo, fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache, ndiye aliyesema lile ambalo Ndanu hakuweza kulitoa kichwani. Aliulizwa tu habari za nyumbani.

"Mwelu ameanza kuongea," alisema. Mwelu alikuwa binti yao, mwaka mmoja na miezi miwili. "Anaita mama siku nzima. Mama yake anamwekea mkono kifuani, ndio ajue kama analia."

Ndanu akaingia stoo ile ya trei za mayai, akafunga mlango, akalia.

Mzee Nzomo naye alikuwa ananenepa. Mashavu yalimjaa, fimbo aliiacha nyumbani, na kikohozi kikamwacha kabisa. Alipaswa kufurahi, na miezi miwili ya kwanza alifurahi kwa kelele. Halafu akaanza kunyamaza. Siku moja, kabla ya tarehe yake, alikuja peke yake na mfuko wa karatasi, akauweka mezani mbele ya Ndanu. Ndani mlikuwa na dawa zake zote za mwezi, hazijaguswa tangu juzi.

"Hizi ni za yule msichana," alisema.

"Mzee, Kasiva ako na zake sasa. Alibadilishiwa."

"Alibadilishiwa wakati masikio yameenda. Mimi si mjinga, sista. Nimekaa nikahesabu. Siku ile wewe ulichukua karatasi kwa sanduku ukanifungulia mimi, halafu ya nyuma yangu ukamfungulia yeye. Zimepangana. Asingeniachia mlango, ile yangu ingekuwa yake. Ama nimekosea?"

Ndanu alitafuta maneno. Aliyoyapata ni yale ya kitabu. "Ni bahati, mzee. Hakuna mtu alijua ndani ya bahasha kuna nini."

"Bahati gani? Mtu alisimama akanipatia nafasi yake, na mimi nikaingia hata sikuangalia nyuma. Mimi niko na miaka sitini na tisa. Masikio yangu nimeyatumia ya kutosha, hata yangekwisha ningesikia nini kipya? Ng'ombe?" Akausukuma mfuko. "Nipige hiyo sindano. Nipige mimi sasa, tulingane."

"Haiwezekani."

"Basi nimpelekee mbuzi kwao. Nikae na mume wake, tuongee kama watu."

Hapo ndipo Ndanu alipofanya jambo ambalo hakuwa na uhakika nalo, na hana mpaka leo. Alimwambia asiende. Alimwambia Kasiva hajui, na akijua atakuwa amepoteza mara mbili. Kwa nini umpe mtu uchungu usioweza kuutibu? Mzee alimtazama sana. Kisha akauchukua mfuko wake, akaahidi kumeza dawa, akaondoka bila kuaga, yeye ambaye kuaga kwake kulikuwa kukichukua nusu saa.

Ndanu alijaribu kwa Daktari Musembi pia. Aliuliza kama foleni iliyobadilika inahesabika kuwa kosa. Daktari akavua miwani. "Si kosa. Hiyo ndiyo maana ya bahati nasibu. Angeingia wa kwanza na apate sindano vilevile, tungekuwa tunaongea?" Akaivaa. "Yule mwenye kosa ukimpata, niletee mimi nimshike shati. Nimemtafuta pia."

Miezi ikaenda. Siku ya mwisho ya kupimwa ikafika, na kama kawaida ikaangukia pamoja kwa wote wawili. Makohozi yao yalikuwa safi, picha za kifua zilikuwa safi. Ndanu alijaza fomu ya kwanza: Mzee Nzomo, amepona. Akajaza ya pili: Kasiva, amepona. Katika utafiti wote, mpaka wakati huo, vidonge pekee vilikuwa vimefanya vizuri, na palikuwa na matumaini kwamba siku moja hakuna mtu atakayechomwa sindano ile tena, popote. Ndanu aliliamini hilo. Alijua kwamba masikio ya Kasiva yalikuwa sehemu ya ushahidi, yameandikwa vizuri, kwa tarehe na kwa kipimo. Hayo yote hayakumsaidia kutoka nje na kumkabili.

Alipotoka aliwakuta wote kibandani. Palikuwa na wagonjwa wengine sita, wapya. Mzee Nzomo alikuwa mwisho wa benchi, anazungumza kwa simu na mtu wa huko Lukenya kuhusu bei ya ndama, simu sikioni, anasikiliza, anacheka kidogo, anasikiliza tena. Kasiva alikuwa upande wa pili. Alikuwa anaitazama ile simu. Aliitazama kwa muda mrefu, mpaka Ndanu akaona kitu kinabadilika usoni mwake, kama mtu aliyekuwa akitafuta hesabu na ghafla imemjia.

"Sista," akasema, na benchi zima likageuka, maana siku hizi hakujua tena ukubwa wa sauti yake. "Ile siku ya kwanza. Karatasi ya mzee ilikuwa yangu?"

Mzee Nzomo akakata simu.

Ndanu alifungua daftari. Angeweza kuandika habari za bahati. Angeweza kuandika kwamba hakuna aliyejua. Kalamu ilikaa juu ya karatasi, haikuandika kitu, na mwishowe akaitikia kwa kichwa.

Kasiva naye akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayekubali maelezo.

"Ningejua, ningekaa," alisema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Ningekaa hapa hapa kwa benchi, na yeye akohoe."

Wagonjwa wapya walitazama chini. Mzee aliinuka, akashusha barakoa, akaanza kusema kwa Kikamba, maneno mengi, yote aliyokuwa ameyakalia miezi yote ile: kwamba alirudisha dawa akakataliwa, kwamba alitaka kuja na mbuzi, kwamba hakuna siku amemeza kidonge bila kumtaja mbele za Mungu, kwamba angejua angekufa na kikohozi chake huko ranchini. Machozi yalimtiririka hadharani, mzee mzima. Kasiva aliufuatilia mdomo wake, akashindwa, akamgeukia Ndanu.

"Anasema nini?"

Ndanu akaandika: Anaomba msamaha. Akamwonyesha.

Kasiva akasoma. Akasoma tena, ingawa yalikuwa maneno mawili tu. Kisha akainua macho, akayaelekeza barabarani, mbali na pale mzee aliposimama.

"Mwambie hakunikosea," alisema kwa sauti ile ile kubwa. "Ni mimi nilimpisha. Na umwambie asinikaribie tena. Siwezi kumwangalia."

Ndanu akageuka ili amwambie, kwa mazoea ya kazi. Mzee Nzomo alikuwa amesikia kila neno.